McCarthy aliikuta mashine inanguruma

Ukisoma habari za hofu ya ukomunisti Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyingi huanza na Seneta Joseph McCarthy. Huko ni kuanzia katikati ya safari. McCarthy alisimama Wheeling, West Virginia, tarehe 9 Februari 1950, akadai ana orodha ya wakomunisti 205 ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Siku chache baadaye wakawa 57, kisha 81. Lakini mashine ya kuwachuja watumishi wa umma ilishatimiza karibu miaka mitatu, na aliyeiwasha ni Rais Harry Truman, kwa amri aliyoitia saini tarehe 21 Machi 1947. Mpayukaji mmoja amebebeshwa lawama ya kazi iliyofanywa na makarani, wanasheria na waajiri wapole kabisa, waliokuwa wakifuata utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mtumishi anajaza fomu, anachukuliwa alama za vidole, jina lake linapelekwa kulinganishwa na majalada ya FBI, shirika la upelelezi la serikali. Likitoka safi, yameisha. Likikutwa na doa, tuseme aliwahi kuchangia chama kilichomo kwenye orodha ya Mwanasheria Mkuu ya vyama vilivyodhaniwa si vyaminifu kwa nchi, wapelelezi wanakwenda kumuuliza mwenye nyumba, wafanyakazi wenzake, hata walimu wake wa zamani. Ripoti inaletwa kwa bodi ya uaminifu ya idara yake, naye anaandikiwa barua ya kujieleza. Haki ya kusikilizwa anayo, na wakili anaruhusiwa kuja naye. Asichokuwa na haki nacho ni kumjua aliyemchongea.

Hapo ndipo mashine nzima ilipoozea. Dorothy Bailey, ofisa mafunzo katika idara ya ajira ya serikali na kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, alifukuzwa mwaka 1949 kwa taarifa za watu wasiotajwa. Mwenyekiti wa bodi ya rufaa, Seth Richardson, alikiri kikaoni kwamba hata yeye hawajui watoa taarifa hao; alichonacho ni neno la FBI kwamba wanaaminika. Sasa mtu ajibu nini? Huwezi kusema fulani ana kisasi nawe wakati huyo fulani humjui. Mwaka 1951 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, na kura zikilingana, hukumu ya mahakama ya chini hubaki. Bailey hakurudi kazini.

Katika shauri hilohilo aliulizwa kama aliwahi kuandika barua kwa Msalaba Mwekundu kupinga utaratibu wake wa kutenganisha damu iliyochangwa na weusi na ile ya weupe. Sina swali jingine linaloonyesha vizuri zaidi mambo yalivyokwenda. Ukipinga ubaguzi wa rangi, ulikuwa unasema jambo ambalo wakomunisti nao wanalisema, basi wewe huenda ni mwenzao. Kwa hesabu ya namna hiyo, mtumishi mwenye akili alijifunza upesi: usisaini kitu, usijiunge na kitu, na gazeti fulani usionekane nalo.

Kisha ukaja mwaka 1951, na kipimo kikabadilishwa. Mwanzoni bodi ilitakiwa iwe na sababu za msingi za kuamini kwamba mtu si mwaminifu. Sasa ilitosha kuwepo shaka ya msingi juu ya uaminifu wake. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila ilihamisha mzigo wote: waliokwisha kusafishwa walifunguliwa mafaili upya, na ushahidi uleule ulioshindwa jana ukatosha leo. Rais Eisenhower alipoingia mwaka 1953 akapanua zaidi, watu wakafukuzwa hata kwa ulevi na kwa ushoga, kwa hoja kwamba mwenye siri anaweza kutishwa na adui.

Nisieleweke vibaya. Majasusi wa Kisovieti walikuwepo kweli. Mwanafizikia Klaus Fuchs alikiri mwaka 1950 kwamba alitoa siri za bomu la atomu. Ila mitandao hiyo ilianza kuporomoka tangu mwaka 1945, Elizabeth Bentley, Mmarekani aliyekuwa akiwafanyia kazi majasusi hao, alipokwenda mwenyewe FBI akataja wenzake. Ujasusi hukamatwa namna hiyo, kwa msaliti wa ndani na kwa telegramu za siri zilizofumbuliwa, wala si kwa fomu. Richardson huyohuyo aliwaambia maseneta mwaka 1950 kwamba kati ya watu zaidi ya milioni 3 waliopitishwa kwenye chujio, haikupatikana hata kesi moja ya ujasusi.

Upande wa kamati za Bunge zilizowahoji watu juu ya ukomunisti, mtego ulikuwa wa aina nyingine. Aliyeitwa alikuwa na milango mitatu. Akikataa kujibu kwa kutetea uhuru wa maoni, jela, kama walivyokwenda waandishi na waongozaji kumi wa Hollywood kwa miezi sita hadi mwaka. Akijikinga na haki ya kutojitia hatiani, jela anaikwepa, ila kesho yake hana kazi. Akikubali kujieleza yeye tu, Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 1951 kwamba aliyeanza kujibu hawezi kunyamaza akiulizwa habari za wenzake. Kwa hiyo kutaja majina hakukuwa udhaifu wa tabia pekee. Sheria yenyewe ilimsukumia huko. Na majina hayo kamati mara nyingi ilikuwa nayo tayari. Ilichotaka ni mtu aonekane akiyataja.

Afrika nayo iliguswa. Pasipoti ya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, ilichukuliwa mwaka 1950, asirudishiwe hadi 1958, na miongoni mwa sababu ambazo Wizara ya Mambo ya Nje iliziandika mahakamani ni kwamba kwa miaka mingi amekuwa akipigania uhuru wa makoloni ya Afrika. Baraza la Mambo ya Afrika, aliloliongoza pamoja na msomi mweusi W. E. B. Du Bois, liliwekwa kwenye orodha ya Mwanasheria Mkuu likafa mwaka 1955. Ghana ilipopata uhuru Machi 1957, Du Bois alialikwa. Hakwenda, pasipoti hana.

Hasara kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iliwapata Wamarekani wenyewe. John Service alikuwa mmoja wa wanadiplomasia wachache walioijua China kwa ndani. Alizaliwa huko, lugha anaijua, na wakati wa vita aliandika waziwazi kwamba serikali ya Chiang Kai-shek, mtawala wa China wakati huo, imeoza na wakomunisti wana nguvu. Ukweli huo ukageuka kosa. Bodi ya wizara yake ilimsafisha mara kadhaa, kisha bodi ya rufaa ikatumia kile kipimo kipya cha shaka, na Desemba 1951 akafukuzwa. Akafanya kazi katika kampuni ya vifaa vya mvuke New York. Mahakama ya Juu ilimrudishia haki yake mwaka 1957. Wizara ikampokea, na mjuzi huyo wa China ikampeleka Liverpool, Uingereza, kuwa konseli. Alistaafu akitokea huko mwaka 1962.