Na sisi wa Lubumbashi je?
Ndugu mwandishi, unasema vijana wa miaka ya 1980 tulicheza muziki wa Kinshasa tu. Hapana. Zaiko Langa Langa, bendi ya Kinshasa, tuliwapenda sana, na atalaku wao, yule mpiga kelele wa kuchangamsha wachezaji, akitikisa lile kopo tupu la dawa ya wadudu lenye punje ndani, nani angebaki amekaa? Lakini huku mtaani Kamalondo wazee walituwekea pia santuri za Mwenda Jean Bosco: gita moja kavu, kidole gumba kikipiga besi, cha shahada kikiimba juu yake, na maneno kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Alifariki 1990. Wanangu wanamjua Franco, nyota wa gita wa Kinshasa, Bosco hawamjui kabisa, na hiyo inaniuma. Tafadhali andikeni habari zake, pamoja na za Edouard Masengo, mpiga gita mwenzake wa Katanga.