Msing'oe fremu za mvule: ninachokiona kwenye madirisha ya Waltham

Ndugu zangu mlioko Jinja, Iganga, Mbale na Kampala, na ninyi wenzangu wa kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, mnaotuma pesa za kukarabati nyumba za wazazi, leo nataka tuongee kuhusu madirisha. Ninafanya kazi na mafundi wa madirisha hapa Waltham, Massachusetts, mji ambao Waganda ni wengi kiasi kwamba dukani unaweza kusalimiwa kwa Luganda kabla ya Kiingereza. Kila mwezi ananipigia mtu wa nyumbani akitaka ushauri wa "madirisha ya Amerika". Jibu langu limekuwa lile lile, na sasa naliandika. Kilicho cha kuigwa huku ni namna wanavyoichunguza fremu iliyopo ukutani kabla ya kugusa chochote. Dirisha lenyewe waachieni, limetengenezwa kwa baridi yao.

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani hapa ni za mbao, za ghorofa mbili au tatu, na nyingine zimepita umri wa miaka 100. Dirisha lao la asili lina vipande viwili vya vioo vinavyopanda na kushuka. Ndani ya ukuta, kila upande, kuna uwazi uliofichwa, na humo linaning'inia pande la chuma lililofungwa kamba. Chuma kikishuka, kioo kinapanda. Ni ufundi mzuri, nauheshimu sana. Tatizo ni kwamba ule uwazi hupitisha baridi ya Januari kama hakuna ukuta.

Mwenye nyumba akitaka madirisha mapya ana njia mbili. Moja ni kung'oa kila kitu mpaka kwenye nguzo za ukuta: fremu, kizingiti, hata mbao za mapambo ya ndani na nje. Nyingine ni kuiacha fremu ya zamani mahali pake, kutoa vioo, kamba na vile vyuma, kuujaza ule uwazi pamba ya kuzuia baridi, kisha kupachika dirisha jipya lenye fremu yake nyembamba ndani ya ile ya zamani. Wengi wanaipenda hii ya pili. Ukuta hauguswi, plasta haipasuki, na mafundi hodari wanaweza kupachika madirisha kadhaa kwa siku moja.

Lakini haifai kila nyumba, na hapa ndipo ninapogombana na wauzaji. Fremu lazima iwe nzima. Tunachukua bisibisi na kuchoma pembe za kizingiti, kwa sababu maji hukaa pale. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliooza, hakuna cha kupachika. Ukipachika dirisha jipya juu ya ubao uliooza, umeufunika uozo na kuupa kivuli cha kukulia, na maji yataendelea kuingia ukutani bila mtu kuyaona. Muuzaji anayetaka kusaini mkataba jioni ile ile hatakuambia hivyo. Fundi mwenye dhamira atakuambia, hata kama kazi itamponyoka.

Upimaji ndio uliobadilisha kabisa mawazo yangu kuhusu ufundi. Upana unapimwa juu, katikati na chini. Kimo kinapimwa kushoto, katikati na kulia. Kinachoagizwa ni kipimo kidogo kuliko vyote, nacho kinapunguzwa tena kama robo inchi ili dirisha lipate nafasi ya kuingia na kunyooshwa. Halafu tepu inavutwa kona kwa kona, huku na huku. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana zaidi ya robo inchi, fremu imepinda, na dirisha lililonyooka likiingia humo litabana upande mmoja na kuacha mwanya upande mwingine. Mwanya mdogo unasawazishwa kwa vibao vyembamba, ukajazwa povu lisilovimba sana, kwa maana povu kali husukuma fremu mpya mpaka kioo kikagoma kupanda. Mwanya mkubwa ni dalili kwamba nyumba imekaa vibaya, na dawa yake haimo kwenye mkebe wa silikoni.

Kuna gharama nyingine ambayo mteja huigundua siku ya mwisho: fremu ndani ya fremu inapunguza kioo. Kwenye dirisha kubwa la sebuleni hutajali. Kwenye dirisha dogo la chooni au jikoni utaona mwanga umepungua, na hewa pia. Nani anakuambia hayo mapema? Wachache.

Sasa tuje nyumbani. Jinja ina mali ambayo hatuihesabu. Kuna nyumba za Wahindi zilizojengwa kabla hawajafukuzwa nchini mwaka 1972, zenye kuta nene na madirisha mapana. Kuna nyumba za wafanyakazi za mtaa wa Walukuba, za zama za ujenzi wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Nyingi zina fremu za chuma zilizozamishwa ukutani, na nyingine fremu za mvule. Busoga, eneo letu hili la Jinja, ilikuwa nchi ya mvule. Leo mti uliokomaa ni wa kutafutwa kwa tochi. Kiini cha mti huo mchwa hawakipendi, na mvua haikiozeshi upesi. Halafu namwona kijana mwenzangu, pesa imeingia kutoka London au Boston, anaita fundi na tindo na nyundo, fremu ya mvule inatolewa vipande vipande na kwenda kuwa kuni. Pengo linajazwa alumini nyepesi inayotikisika upepo wa ziwa ukivuma. Inaniuma sana, na sioni aibu kusema hivyo.

Angalieni pia kinachotokea kwa ukuta. Fremu ya chuma ina masikio yaliyozikwa kwenye saruji. Ukiing'oa, kila sikio linatoka na kipande cha tofali. Plasta inaanguka ndani na nje, kizingiti kinapasuka, na linta ya miaka mingi, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, inatikiswa bila sababu. Bei ya dirisha uliyopewa dukani haina hata shilingi moja ya hayo. Utaongeza saruji, mchanga, rangi, na siku za fundi mwingine.

Chuma kinachokwanguka kwa brashi ya waya, kikabaki kigumu chini ya kutu, bado kina maisha. Kipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu, bawaba mbovu zikatwe na nyingine zichomelewe, vioo virudishwe kwa puti mpya. Kama kipande kinachofunguka kimeliwa, mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wanatengeneza kingine cha kuingia kwenye fremu ile ile, na Jinja kwenyewe wapo wanaoweza. Anayeitaka alumini kwa vyovyote vile anaweza kuipachika ndani ya fremu ya chuma kama tunavyofanya huku, ila atenganishe metali hizo mbili kwa rangi na ukanda wa mpira, kwa sababu alumini ikigusana na chuma penye unyevu inaliwa. Siikatai alumini. Haihitaji kupakwa rangi kila mara, mchwa hawana la kuifanya. Ninachokataa ni kuiingiza kwa kubomoa kitu kizima.

Swali la pili ni dirisha gani liingie, na hapa nawasihi msinakili picha ninazowatumia. Hapa kila dirisha jipya lina kibandiko kinachoonyesha linapoteza joto kiasi gani na linaruhusu joto la jua kiasi gani. Watu wanasoma namba hizo kwa sababu bili ya kupasha nyumba joto wakati wa theluji ni mzigo mzito. Vioo viwili, gesi ya argoni katikati, utando usioonekana wa kurudisha joto ndani: yote hayo yana maana penye nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Na dirisha la upande wa kusini linapendwa, kwa kuwa jua la majira ya baridi liko chini upande huo na linaingia bure.

Sisi tuko kwenye ikweta. Jua letu linapita juu ya paa, likipiga madirisha ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni, mwaka mzima. Kitakachokupunguzia joto ni paa lililotokeza vizuri, kivuli cha mwembe upande wa magharibi, na dirisha linalofunguka lote. La kusukuma pembeni, lile linaloitwa slaidi, linafunguka nusu tu; nusu nyingine imefungwa siku zote. La bawaba linafunguka lote. Luva nazo, vile vipande vya vioo vinavyoinamishwa kwa pamoja, ambazo watu wanazidharau siku hizi kama kitu cha kizamani, zinapitisha hewa hata mvua ikinyesha. Ukipachika slaidi ndani ya fremu ya zamani, umepunguza kioo kwanza, kisha ukagawa kilichobaki mara mbili. Chumba kilichokuwa na hewa kinakuwa jiko la kuokea mikate.

Hili la hewa si la starehe tu. Wengi wetu tunapikia mkaa, na mvua ikinyesha sigiri inaingizwa ndani. Moshi wake unaonekana, lakini gesi inayoua haionekani wala hainuki. Nyumba zetu za zamani zina matundu ya hewa juu ya dirisha, yasiyofungwa kamwe. Fundi anayeleta slaidi mara nyingi anayaziba ili ukuta upendeze. Shangazi yangu wa Walukuba alipotaka kuyaziba yake nilimwomba kwa heshima zote, "Shangazi, hayo usiyaguse, nitakununulia wavu." Wavu wenyewe ndio ningeuweka mbele ya kioo cha aina yoyote. Katika nchi ambayo malaria bado inatuzikia watoto, pesa ya kioo cha pili kinachozuia baridi isiyokuwepo inunue wavu mzuri wa madirisha yote na matundu yote, ukiwa kwenye fremu inayotoka ili uoshwe.

Mvua ya kwetu nayo ina tabia yake. Inatoka ziwani ikiwa imelala. Reli ya chini ya slaidi inajaa maji, na kwa nje kuna vitundu vidogo vya kuyatoa. Nimeona kwenye picha za video ninazotumiwa vitundu hivyo vimezibwa kwa silikoni, kwa nia njema kabisa, na maji yakapanda yakaingia sebuleni. Mwambieni fundi aviache wazi.

Grili ndilo jambo ninaloliogopa kuliko yote. Huku chumba cha kulala kinatakiwa kiwe na njia ya pili ya kutokea moto ukiwaka, na mara nyingi njia hiyo ni dirisha. Kanuni ya ujenzi wa nyumba inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani inataka uwazi wa futi za mraba 5.7 kwa dirisha jipya la namna hiyo, upana usiopungua inchi 20, kimo kisichopungua inchi 24, na ukingo wa chini usiozidi inchi 44 kutoka sakafuni. Ndiyo maana tunafikiri mara mbili kabla ya kupachika dirisha ndani ya fremu ya chumba cha kulala: inchi chache zinazopotea zinaweza kumzuia mtu asipite. Mwenye kuweka nondo dirishani anatakiwa aweke zinazofunguka kutoka ndani bila ufunguo.

Nyumbani tunachomelea grili moja kwa moja ukutani, vyumba vyote. Wezi wapo, sibishi, nimekulia huko. Lakini nchi iliyozika watoto waliokufa kwa moto bwenini, wa shule ya Budo mwaka 2008, na watu 11 wa shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Oktoba 2022, haina cha kusubiri. Unapobadilisha dirisha, fundi wa kuchomelea tayari yuko kwako na mashine yake imewashwa. Mwambie grili moja ya kila chumba cha kulala aitie bawaba na komeo la ndani ambalo mkono wa nje hauwezi kulifikia na mtoto wa miaka minane anaweza kulifungua gizani. Halafu wafundishe watoto.

Nitaje na rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi, ile metali yenye sumu, mwaka 1978, na tangu 2010 mkandarasi anayekwangua au kuvunja rangi ya nyumba iliyojengwa kabla ya hapo lazima awe na cheti, atandaze plastiki na akusanye vumbi lote. Fremu zetu za zamani nazo zimepakwa rangi za miaka hiyo. Mkizikwangua, zilowesheni kwanza, na wadogo wawe kwa jirani mpaka sakafu ipigwe deki kwa maji.

Najua nitaambiwa kwamba kuchunguza na kupima kote huko ni anasa ya wazungu. Sikubali. Tepu ya fundi wa Jinja ina inchi zile zile. Tofauti niliyoiona ni kwamba huku siku ya kupima ni kazi kamili, ina mtu wake na imo ndani ya bei, wakati nyumbani tunamwita fundi "aje aone tu", hatumpi hata nauli ya boda, naye kwa haraka anapima upana mara moja, katikati, na kwenda kukata alumini. Dirisha lisipoingia, ukuta ndio unaotindwa. Basi ukituma pesa mwezi huu, tenga ya siku nzima ya kupima, umlipe fundi hata kama atakuambia fremu yako haihitaji kubadilishwa, na umwombe akuandikie vipimo sita vya kila dirisha na viwili vya kona kwa kona, akupigie picha, akutumie kabla ya mtu yeyote kukata kitu.