Viti Tisa vya Rwanda Kule Arusha Vipigiwe Kura na Wananchi

Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13 na ushei. Ya Tanzania, mwaka huohuo, ilihesabu karibu milioni 62. Lakini katika Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao Arusha, Rwanda ina wabunge tisa wa kuchaguliwa, Tanzania tisa, na Kongo yenye watu wengi kuliko wote nayo tisa. Ulaya hawakugawana hivyo: Malta ina viti 6 katika Bunge la Ulaya, Ujerumani ina 96.

Na uzito wa hao tisa hauishii kwenye kura. Ibara ya 58 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge ya kuendesha kikao, iwe na angalau theluthi ya wabunge wa kila nchi. Maana yake Wanyarwanda saba wakisusa, wakabaki wawili ukumbini, kikao kizima kimekwama.

Sasa nani huwachagua? Wabunge 80 na maseneta 26 mjini Kigali, basi. Mkataba wenyewe, Ibara ya 50, umelikabidhi jukumu hilo bunge la kila nchi. Mwananchi huyasikia majina kwenye taarifa ya habari, mambo yakiwa yamekwisha. Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi kwa nchi ndogo iliyopewa nguvu kubwa namna hii.

Mtazame dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam na kontena la Kigali. Kwenye mizani anapimwa kwa sheria ya Jumuiya ya uzito wa magari, ya mwaka 2016. Akivuka Mto Kagera pale Rusumo, maofisa wa nchi zote mbili wanamkagua kituo kimoja, na vituo hivyo vina sheria yake ya Jumuiya. Ushuru wa mzigo wake unafuata sheria ya forodha ya mwaka 2004. Zote zimepita Arusha. Nchi isiyo na bahari inaishi kwa sheria hizi kuliko jirani zake wenye bandari, halafu mwenye mzigo hana mgombea wa kumbana kwa maswali!

Ipo hoja nzito ya upande wa pili. Miongoni mwa hao tisa wamo wawakilishi wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kura ya nchi nzima inaweza kuwameza. Nakubali kabisa, viti vyao vibaki na makundi yao, vile vya vyama vya siasa ndivyo viende kwa wananchi. Gharama hainitishi sana. Mwaka 2024 Wanyarwanda walimchagua rais na wabunge kwa pamoja. Karatasi moja zaidi inabebeka, ila mihula italazimika kuoanishwa.

Kurekebisha Mkataba kutachukua muda, kwa kuwa nchi zote lazima ziafikiane. Lakini Bunge la sasa la Afrika Mashariki lilianza Desemba 2022 na muhula ni miaka mitano. Kabla ya kura ijayo, wagombea wapelekwe redioni, waulizwe kwa Kinyarwanda kuhusu mizani, Rusumo na forodha, na wananchi wapige simu moja kwa moja. Hilo halihitaji saini ya rais yeyote.