Civita di Bagnoregio haiuawi na mvua peke yake

Waitaliano wanakiita kijiji cha Civita di Bagnoregio "mji unaokufa". Jina hilo lilitokana na Bonaventura Tecchi, mwandishi mzaliwa wa Bagnoregio, na siku hizi hakuna anayekitangaza kijiji bila kulitaja. Mimi silipendi. Linatufanya tuamini kwamba yote yaliyokipata ni kazi ya mvua na matetemeko, kana kwamba hakuna binadamu aliyeamua lolote.

Tuanze na ardhi yenyewe. Civita iko mkoani Viterbo, kilomita kama 120 kaskazini mwa Roma, juu ya kilima kilichosimama peke yake kati ya mabonde yaliyochimbwa na vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido. Sehemu ya juu ya kilima ni majivu yaliyotapikwa na volkano za upande wa ziwa Bolsena, yakashikana hadi yakawa mwamba. Wenyewe wanauita tufo. Ni jiwe linalochongeka kwa urahisi, na ndiyo maana chini ya nyumba kuna mapango ya kuhifadhia mvinyo na visima vya kukingia maji. Balaa liko chini ya mwamba huo: udongo wa mfinyanzi uliotuama zama ambazo eneo lote lilikuwa chini ya bahari. Ni tofali lililowekwa juu ya kipande cha sabuni iliyolowa. Maji yanaula udongo huko chini, mteremko unaserereka, mwamba wa juu unakosa pa kuegemea, unapasuka wima, kisha pande zima linaporomoka pamoja na nyumba zilizo ukingoni. Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia wa Wafransisko aliyefariki Lyon mwaka 1274, alizaliwa hapa. Ukiuliza nyumba yake ilikuwa wapi, unaoneshwa ukingo wa genge. Nyingine yote ilishakwenda bondeni.

Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, walioweka makazi hapa miaka ipatayo 2,500 iliyopita walijua wanachokitafuta. Kilima kilikuwa ngome tayari, na kilikuwa karibu na njia za biashara kati ya bonde la mto Tiber na ziwa Bolsena. Karne kwa karne Civita ilikuwa mji hasa, wenye askofu wake, na mgongo wa ardhi uliiunganisha na kitongoji cha Rota, ambacho ndicho Bagnoregio ya leo.

Kisha likaja tetemeko la Juni 1695. Nyumba zilianguka, njia ikaharibika, na hapo uamuzi ukafanyika: uongozi wa mji ukahamia Rota. Askofu naye akahama, na kanisa la San Donato, lililokuwa kanisa kuu, likapoteza hadhi yake. Siwalaumu waliohama, wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini tuseme kweli: mwamba ulibaki umesimama, na bado umesimama zaidi ya miaka 300 baadaye. Kilichoondoka ni ofisi, na ofisi zikiondoka, watoto hawarudi kuishi kwa wazee wao.

Leo unaingia kwa daraja la zege la waenda kwa miguu lililofunguliwa mwaka 1965, refu kama mita 300. Mwisho wake linapanda ghafla hadi magoti yanalalamika. Ukipita lango la Santa Maria, inua macho: pale juu kuna simba wa mawe, kila mmoja amekamata kichwa cha mtu kwa makucha. Mzigo wa mkahawa, kuanzia unga hadi katoni za maji, lazima upite daraja hilohilo kwa vigari vidogo. Zamani ilikuwa kazi ya punda, na hadi sasa watu wa Bagnoregio hurudi Juni na Septemba kushindana mbio za punda katika uwanja wa kanisa. Hao si watu waliokisahau kijiji chao.

Wakazi wa kudumu hawafiki 20. Wageni ni mamia ya maelfu kwa mwaka. Mwaka 2013 halmashauri ilianza kutoza kiingilio cha euro 1.50, sasa ni euro 5, na naunga mkono kabisa. Anayekuja kupiga picha kwa saa mbili achangie. Wahandisi nao wamefanya kazi kubwa ya kufunga mwamba kwa nondo na kufuatilia nyufa.

Ninachopinga ni kuridhika na hapo. Fedha za kiingilio zimewapunguzia kodi wakazi wa halmashauri nzima, ambao karibu wote wako ng'ambo ya daraja, ilhali ndani ya Civita nyumba zinageuzwa vyumba vya wageni, moja baada ya nyingine. Kwangu mimi zingekwenda kwanza bondeni: kupanda miti na majani ya kushika udongo, kujenga vizuizi vidogo kwenye vijito ili maji yapunguze kasi, kazi isiyopigwa picha na mtu. Kisha zingekwenda kwenye nyumba chache za kupangishwa kwa bei nafuu kwa familia zenye watoto, kwa sharti kwamba wakae humo mwaka mzima, na kigari cha kuwapelekea dawa na mkate hata Januari, wageni wawepo wasiwepo.