Mashine ya Usingizi Ingali Ndani ya Nailoni

Mwezi uliopita shemeji yangu alishikwa na uchungu saa saba usiku, tukamkimbiza kwenye kituo cha afya cha kata yetu, chenye chumba cha upasuaji kilichozinduliwa kwa ngoma, utepe na hotuba ndefu, nami nikiwa miongoni mwa waliopiga makofi. Muuguzi wa zamu alimpima, akaona mtoto amekaa vibaya, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba lazima apelekwe hospitali ya wilaya. Tulipokuwa tukisubiri gari nilimwuliza kuhusu kile chumba, naye akanifungulia mlango nijionee: kitanda kipya, taa kubwa ya kung'aa, na mashine ya usingizi ingali ndani ya nailoni iliyotoka nayo kiwandani. Tangu siku ya utepe hajaletwa mtaalamu wa usingizi.

Shemeji alifanyiwa upasuaji alfajiri, na mama na mtoto ni wazima. Hasira yangu, hata hivyo, haijapoa.

Tangu mwaka 2007, Serikali ya Tanzania ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi na kuahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, tumezoea kuipima afya kwa mabati na matofali. Jengo hupigwa picha, huwekewa jiwe la msingi, tena huandikwa jina la mgeni rasmi kwenye kibao. Mkunga hakatiwi utepe. Ndiyo maana mbunge wetu anayajua majengo yote ya jimbo kwa idadi, lakini sijawahi kumsikia akitaja ni mangapi yana watu wa kutosha kufanya kazi usiku.

Upasuaji mmoja wa dharura wa mama mjamzito unahitaji mwenye kupasua, mwenye kutoa dawa ya usingizi, muuguzi wa kushika vifaa na mkunga wa kumpokea mtoto. Ongeza mtu wa maabara, maana mama anayevuja damu haongezewi damu ambayo haijapimwa. Hao ni watano kwa zamu moja, nao hulala, huugua, huenda likizo na hujifungua kama wanadamu wengine, kwa hiyo kituo kinachojiita cha saa 24 kinahitaji angalau mara mbili ya idadi hiyo. Akikosekana mmoja, wanne waliobaki hugeuka watazamaji wenye mishahara. Jengo lililokamilika kwa asilimia 80 bado huzuia mvua, ilhali timu ya upasuaji iliyokamilika kwa asilimia 80 haimzuii mama kufa.

Tusiambiwe kwamba wataalamu hawapo. Mwezi Machi 2017, baada ya mgomo wa siku 100 wa madaktari wa Kenya, Serikali yetu ilikubali kuwapelekea jirani madaktari 500, eti tunao wa ziada. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani wakisema hata kwao wamo wenzao wasio na ajira, safari ikakwama, na Rais Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wameomba kwenda huko waajiriwe hapa nyumbani. Nafasi ambazo hazikuwapo miaka yote zikapatikana ndani ya siku chache! Tangu hapo sijaamini sana neno "ufinyu wa bajeti". Kuhusu wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo sina la kusema, kwa sababu hatuna uso wa kumlaumu aliyeondoka wakati aliyebaki yuko mtaani na cheti chake.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba kuna yaliyofanikiwa. Utafiti wa afya ya kaya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Hata gari lililotuchukua usiku ule lilipatikana kwa kupiga 115, namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na dereva alikuwa kijana wa kijijini aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Nimshukuru sana. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kutupitisha mbele ya chumba cha upasuaji na kutupeleka kwenye kingine. Vilevile nawakaribisha wahudumu 137,294 wa ngazi ya jamii walioahidiwa mwaka 2024, mradi tuelezwe watakuwa wakiwapeleka wagonjwa kwa nani.

Ninachodai ni kidogo: jengo la upasuaji lisizinduliwe kabla majina ya watakaolifanyia kazi hayajabandikwa mlangoni, na nyumba ya mtumishi ijengwe kabla ya wodi. Yule muuguzi amepanga chumba sokoni, mwendo wa dakika 40 kwa bodaboda, na usiku bodaboda hakuna, hivyo akiwa zamu hulala kwenye benchi la mapokezi. Mume wake anafundisha mkoa mwingine, na kwa miaka mitatu muuguzi huyo amekuwa akiomba uhamisho wa kumfuata mwenza.

Wiki iliyopita barua yake ilitoka, naye ameshaondoka, na ni haki yake. Juzi nilipita pale kituoni nikakuta dirisha la mapokezi limefungwa, na nyuma ya chumba cha upasuaji mafundi wanachimba msingi wa wodi nyingine.