Wake Watatu, Kibanda Kimoja

Kuna kazi ambazo ukoo humpa mtu kwa sababu moja tu: ana simu yenye bando. Ndivyo nilivyokabidhiwa kumtafuta baba yake babu. "Wewe unajua mambo ya intaneti," baba mdogo akasema, "tutafutie mzee." Mzee amelala chini ya mwembe karibu na zizi, hata mbuzi wanajua. Wanachotaka ni karatasi. Siku hizi hata marehemu bila karatasi hana msimamo.

Nikauliza alizaliwa lini. Shangazi akasema mwaka wa njaa. Njaa ipi? "Ile kubwa." Kwetu sijawahi kusikia njaa ndogo ikisimuliwa. Rejista ya vizazi nikaiacha mapema, maana uandikishaji wa lazima enzi hizo ulianzia kwa Wazungu. Sisi tulizaliwa tu, kienyeji.

Basi baba mdogo akaleta habari za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa maelezo yake, mzee alipigana na Jenerali von Lettow-Vorbeck uso kwa uso, na ndiyo sababu Mjerumani yule alikuwa anakimbia kila siku. Kukimbia alikimbia kweli, miaka minne, toka Tanganyika mpaka Msumbiji na kwingineko. Lakini mzee hakuwa na bunduki. Mwaka 1917 Waingereza walikomba vijana vijijini kuwa wapagazi, na mtu wetu alikuwa kati ya waliokombwa. Alipigana na gunia la unga. Na vita hivyo havikumwishia siku moja na wenzake: Ulaya walinyamaza tarehe 11 Novemba 1918, von Lettow akasalimu amri tarehe 25. Wiki mbili nzima wakubwa wanapongezana huko, mzee wa watu bado ana mzigo kichwani.

Nimelisoma lile sanamu la askari pale Nairobi. Limeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili kwamba wapagazi ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Sawa. Mimi ni mwana, nimekuja kukumbuka. Jina liko wapi? Mikono na miguu wameitaja, kichwa wakakiruka.

Tena mdogo wake, aliyekwenda naye, hakurudi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, na pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Nikamweleza shangazi. Akauliza kama mshahara wake upo.

Hapo nikaenda kwenye nyaraka zenyewe, ofisi fulani ambayo siitaji kwa sababu bado nahitaji kurudi. Mlangoni soja akaniambia, "Toa kipande," yaani kitambulisho. Nimekuja kutafuta kipande cha mzee, naombwa changu kwanza. Kalamu ya wino marufuku, mkoba marufuku, chai hata usiiwaze. Ukijaza fomu unaambiwa faili imetoka. Imetoka kwenda wapi? Ina umri wa miaka mia, ina shughuli gani mjini?

Na jina letu, jamani, linaanza na ng'. Makarani wa ukoloni walikuwa na mbinu nyingi za kuikwepa sauti hiyo. Mmoja aliandika N, mwingine G, wa tatu akaona tabu ya nini, akaanzia herufi ya pili. Halafu mzee mwenyewe akabatizwa uzeeni akawa Petro. Kwa hiyo namtafuta mtu mmoja ambaye serikali ilimgawanya wanne.

Kipande chake kingemaliza ubishi wote. Sheria ya vipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, na kile kibati alichovaa shingoni kilibeba karatasi yenye kila kitu: alama za vidole, kabila, tajiri aliyemwajiri, mshahara, hata sahihi ya kumruhusu kuacha kazi. Nikauliza nyumbani kiko wapi. Kibati kipo! Shangazi alikitoa kwa heshima zote. Ndani kuna ugoro. Karatasi ilitupwa, eti ilikuwa inaharibu ladha.

Nilichokipata mwishowe ni daftari la kodi ya kibanda. Bila shaka! Serikali ile, ikiwa inakudai, mwandiko wake unanyooka. Rupia, kisha florini mwaka 1920, kisha shilingi mwaka uliofuata. Pesa zilibadilika majina, mzee akabaki palepale kwenye mstari wake, analipa. Nilifurahi nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la ukoo kabla ya kuisoma vizuri mbele.

Mbele kumeandikwa: vibanda, kimoja.

Sasa sisi ni ukoo wa nyumba tatu, kila nyumba na bibi yake, na kesi ya shamba imelala kwa chifu tangu baba zetu wakiwa vijana. Dakika kumi na kitu baadaye nyumba ya kwanza ilikuwa imeshaichapisha picha ile kwa rangi. Wanasema serikali yenyewe imethibitisha kuwa mke alikuwa mmoja. Nimejaribu kueleza kwamba kodi ilikuwa kwa kila kibanda, na kwamba wanaume wengi waliwabana wake zao chini ya paa moja mkusanya kodi akionekana mlimani. Mzee alikuwa anakwepa kodi tu! Nyumba ya kwanza wakauliza kama namwita babu yao mwizi.

Nyumba ya pili wamenipigia jana usiku. Wanataka nirudi nikatafute kibanda chao. Nimewaambia niko tayari, nauli itoke kwao, na ya kwenda isitumwe peke yake kama walivyofanya nyumba ya tatu.