Joto la volkano za Io: wanaoibeza Juno wanasahau kitu

Kuna hoja nakutana nayo sana, eti kupeleka chombo kama Juno cha NASA mpaka sayari ya Jupita ili kupima joto la volkano za mwezi wake Io ni kujichosha bure wakati darubini ya Keck pale Hawaii inaziangalia kwa infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho) mara nyingi zaidi na kwa pesa kidogo. Hoja ina uzito, sikatai, Juno ikishapita imepita, mlipuko ukianza wiki ijayo haipo.

Ila jamani, ukiwa duniani Io unaiona kwa ubavu tu, ncha zake zimeinama pembeni hazipimiki vizuri. Juno inapita juu ya ncha za Jupita, ndo maana JIRAM, mtambo wake wa infraredi uliotengenezwa na Waitaliano, ambao hata haukutengenezwa kwa ajili ya Io (kazi yake ilikuwa mianga ya ncha za Jupita), ukaziona na ncha za Io.

Halafu ikaja 27 Desemba 2024. Juno iko kama kilomita 74,400 kutoka Io, JIRAM ikakuta huko kusini eneo linalowaka la kilomita za mraba kama 100,000, kihisi kikajaa kabisa (mwanga ulizidi kiwango kinachoweza kupima), wakakadiria zaidi ya wati trilioni 80. Tulia hapo kidogo. Joto la Io nzima hukadiriwa kama wati trilioni 100, sasa eneo moja tu linataka kuufikia mwezi mzima, na kihisi chenyewe kilishajaa kwa hiyo hata hiyo 80 usiione kama ndo mwisho wake! Watafiti wanahisi ni matundu mengi yaliyokaribiana, yenye hifadhi kubwa ya magma (mwamba ulioyeyuka) chini.

Pointi nzito ya wakosoaji ni nyingine kabisa. Bendi ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa mikromita kama 5 inayotumika kwenye ramani nyingi inakamata vilivyo moto sana tu. Kuna maziwa ya lava yenye pete ya nyuzi 232 hadi 732 za Selsiasi pembeni, katikati gamba la kama nyuzi -43, yani makaa yaliyofunikwa jivu, kwenye bendi hiyo halionekani ila kwa upana wake linatoa joto jingi, kwa hiyo hesabu za bendi moja zinapunja. Hapo wamenishika.

Lakini gamba hilo nani kalipima? JIRAM hiyo hiyo, ilipokaribia. Basi wadai chombo kijacho kibebe kihisi cha mawimbi marefu, mikromita 10 na kuendelea, sio kutuambia tubaki na Hawaii peke yake.